Fa ya Stovu

Tuseme ukweli kwanza, maana watu wa milimani wakishampenda mtu humpamba mpaka asitambulike: Mwalimu Gideoni hakuwa mpigaji hodari wa kinanda. Alijua njia moja tu, ile ya vibao vyeupe. Wimbo ukija na do ya juu aliuteremsha, ukija na do ya chini aliupandisha, mradi utue kwenye vibao vyeupe ambako vidole vyake vilikuwa na kwao. Vibao vyeusi alivifuta vumbi kila Jumamosi kwa heshima zote, basi, hakuvidai zaidi. Lakini kwa miaka ishirini na mitano hakupatikana mwingine katika usharika ule wa upande wa Mamba, huku Upareni, aliyeweza kukaa kwenye kibenchi, akakanyaga mivukuto kwa miguu miwili, akapiga kwa mikono miwili, na bado akabakiwa na kichwa cha kuwatikisia waimbaji waingie kwa wakati. Kwa hiyo aliitwa Mwalimu, na jina hilo alilipata kihalali.

Kinanda chenyewe waliachiwa na wamisionari, na kilikuwa kizee kuliko wazee wengi wa kanisa. Ndani yake kulikuwa na safu ya ndimi ndogo za shaba, kila nota na ulimi wake. Unakanyaga, upepo unapita, ulimi unatetemeka, sauti inatoka. Hakikuhitaji umeme, hakikuhitaji mafuta, kilihitaji magoti mazima tu. Na magoti Gideoni alikuwa nayo, alikuwa akipanda na kushuka milima ile tangu azaliwe.

Sasa, mwaka wa themanini na mbili, ulimi wa fa ya katikati ukakatika. Ulichagua mwaka huo! Mwaka ambao watu walifulia majani ya mpapai, akina dada wawili wakivaa kanga moja kwa zamu, na sukari ikisimuliwa kama marehemu. Ilikuwa katikati ya sikukuu ya mavuno, kanisa limefurika. Waimbaji walifika kwenye fa na kinanda kikatoa pumzi tupu, pfff, watoto wakaangua kicheko. Gideoni aliandika barua kunakohusika kuomba kipuri. Akajibiwa kwamba ombi lake linashughulikiwa. Nadhani linashughulikiwa mpaka leo.

Mkewe, Evaline, alimvumilia wiki mbili. Ya tatu akaingia jikoni, akatoka na stovu yao ya pampu, ile ya shaba waliyopewa zawadi siku ya harusi, akaitua mbele yake kwa kishindo.

"Kata ulimi wako hapa."

"Evaline, hii ni stovu ya harusi yetu."

"Hata wewe ni wa harusi hiyo hiyo, na umekaa hapo unanuna hunifai kitu. Mafuta ya taa yenyewe tuliyaona lini mara ya mwisho? Kata, baba, kata."

Akakata. Siku tatu alikaa mlangoni na tupa, akisugua kipande cha shaba kisichozidi kijiti cha kiberiti, akikitia kwenye kinanda, akikisikiliza sambamba na fa ya chini, akikitoa, akikisugua tena. Vidole vyake vilichubuka. Hatimaye fa mbili zikafanana, naye akamshukuru Mungu kwa sauti. Kasoro ilikuwa moja: shaba ya stovu ni nene, kwa hiyo ulimi ule haukupaza sauti kama wenzake. Ulinong'ona. Lakini kwa mwaka ule, nani angelalamikia mnong'ono?

Jumapili kwaya ikaimba. Walipofika kwenye fa ya kushikilia, ile wanayoivuta mwishoni mwa ubeti, jambo likatokea. Fa ilipanda. Si sana, kiasi cha unene wa ukucha, lakini wimbo uliokuwa ukiimbwa miaka yote bila mtu kushtuka ukamchoma kila aliyekuwa mle ndani. Watu waligeuza shingo. Mabibi wa benchi la mbele wakatafuta ncha za kanga kujifutia macho. Evaline, aliyekuwa kiongozi wa sauti ya pili, alikuwa na koo la kumwita mtu upande wa pili wa korongo na akaitika. Yeye alikuwa mbele, wanawake wenzake nyuma yake, na wote walipanda pamoja.

Mwaka uliofuata waliteremka Same na kinanda chao kwenye mashindano ya kwaya. Jaji mmoja, mtu wa miwani na penseli, alisema, "Kwaya nzuri, nidhamu nzuri, ila fa yenu iko juu." Kwaya ikainama. Gideoni hakungoja mtu, alisimama, akavua kofia, akasema mbele ya umati ule wote, "Mheshimiwa, kosa si la waimbaji. Kosa ni langu. Ulimi wa fa niliukata mwenyewe kwenye stovu ya mke wangu. Kama kuna adhabu, niadhibiwe mimi."

Ukumbi ulicheka, kisha ukapiga makofi mpaka mabati yakatetema. Walishika nafasi ya nne. Lakini aliyeshika ya kwanza nani anamkumbuka? Wao walirudi milimani na jina: Kwaya ya Stovu. Tangu hapo watu walitembea kutoka vijiji vya mbali, chakula chao kwenye kitambaa, kuja kusikia fa ile. Wengine walikuwa wa madhehebu mengine kabisa, wakisali kwao Jumamosi na kuja kusikiliza Jumapili.

Gideoni mwenyewe jambo hilo lilimsumbua. Akiwa peke yake kanisani siku za kazi, akiujaribu ulimi ule, aliusikia mnyoofu kabisa. Jumapili unapanda. Akafikiri miezi, na sisi Wapare tukianza kufikiri jambo hatuliachi mpaka lisalimu amri. Akapata jibu: shaba ile imezoea moto. Maisha yake yote ilikaa juu ya moto. Kanisa likijaa watu, joto likapanda, nayo inakumbuka kazi yake ya zamani, inapanda! Alimweleza hivyo kila aliyesimama karibu naye. Mwalimu mmoja wa fizikia alijaribu kumpinga. Gideoni akamwambia, "Mwanangu, wewe umeisoma shaba. Mimi nimeikata." Mjadala ukaishia hapo.

Siku zile zilikuwa ngumu, tusidanganyane. Lakini muulize yeyote aliyeziishi huku milimani akuambie kilichokuwa kitamu, hatataja chakula, atataja kwaya. Na hakuna aliyewahi kuirekodi. Kaseti tupu ungeipata wapi?

Evaline alifariki mwaka wa themanini na tisa. Aliugua wiki tatu tu. Kwaya ikamwimbia kaburini, na kinanda kilibebwa na wanaume wanne mpaka kwenye migomba alikozikwa. Walipofika kwenye fa, rafiki yake Rosemary, ambaye watu humwita Mama Tumainieli, ndiye aliyeongoza sauti ya pili, na fa ikapanda vilevile. Gideoni alifumba macho. Kwa kitambo kile alimsikia mkewe kama vile amesimama mahali pake. Tangu siku hiyo, kila Jumapili, alikuwa akiingoja nota ile moja. Mahubiri yangeweza kuwa marefu, sadaka tatu zingeweza kupita, yeye alikuwa na miadi.

Halafu ruksa ya biashara huria ikatufikia hata sisi wa milimani. Maduka yaliyokuwa na chumvi na viberiti tu yakajaa mpaka barazani: mitumba, sabuni za rangi zote, redio zenye kaseti mbili. Na vikaja vinanda vya umeme. Usharika mmoja wa Lembeni ukapata kimoja, na habari ikapanda milima na lori la tangawizi kabla hata wenyewe hawajakifungua. Kina ngoma ndani! Kina tarumbeta ndani! Unabonyeza kidole kimoja, watu kumi na sita wanapiga!

Vijana wa kwaya wakapata homa. Mwenyekiti wao, Evance, fundi seremala mwenye miaka ishirini na saba na haraka zake zote, alikuwa akirudi kutoka Same kila mara na neno jipya. Na kwa kweli kinanda kizee kilikuwa kinakufa. Panya walikuwa wamekula mivukuto. Gideoni aliiziba kwa ngozi ya mbuzi, kwa mpira wa ndani wa baiskeli, kwa plasta ya zahanati, na bado ukikaa karibu ulisikia kikikoroma kama mzee mwenye pumu. Fundi wa kutoka Moshi alikikagua akasema miaka miwili, mitatu kama Mungu akipenda.

Hapo ndipo hofu ilipomwingia Gideoni. Kinanda kikifa, ulimi wa stovu umekufa. Vijana watanunua mashine, mashine ina fa yake nyoofu kama ya kila mahali, na kwaya itaifuata. Evaline atakuwa amezikwa mara ya pili, na safari hii hakuna atakayejua kwamba kuna msiba.

Akateremka Same kwa Sefu. Sefu alikuwa na duka la redio jirani na stendi, kijana wa Kipare wa Kiislamu aliyekuwa na mjomba Dubai na ulimi wa kuuza hata kivuli.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba, Sefu. Nisikilize vizuri. Hivi vinanda vyenu, mtu anaweza kuihamisha nota moja? Aipandishe kidogo, moja tu, nyingine zibaki?"

Sefu alimtazama, akacheka, akaona mzee hachezi, akaacha kucheka. Alivuta katalogi kutoka chini ya meza. "Hivi vilivyopo, hapana. Lakini kuna kipya kinakuja, Mwalimu. Mjomba amesema kinatengenezwa kwa ajili ya Waarabu. Nyimbo zao zina nota za katikati, hapa si hapa, pale si pale. Basi humo kila nota unaipandisha au kuishusha unavyotaka wewe, na kidirisha kinakuonyesha kwa namba umeisogeza kiasi gani."

"Kinatoka lini?"

"Mwezi wa nane."

Gideoni alirudi milimani siku ile akipanda mlima kama kijana. Mwezi wa nane ukaja, ukapita. Sefu akasema mwezi wa kumi na mbili. Kisha baada ya Pasaka. Na kwa kadiri kinanda kilivyochelewa ndivyo sifa zake zilivyokua, maana kitu kisichoonekana hakina mtu wa kukipinga. Kwenye gulio walisema kinajua nyimbo elfu moja tangu kiwandani. Mara kimeshatoka ila meli imekirudisha kwa kuwa kilikuwa kinapiga chenyewe bandarini. Mara kinasikia Chasu, Kipare chetu, ukikiambia kiende polepole kinakwenda polepole. Ledama, mfugaji wa Kimaasai aliyekuwa akipandisha mbuzi wake siku za gulio, aliapa kwamba amekiona Arusha kwa macho yake. Walipomuuliza kikoje, alisema, "Kirefu." Watu wakaridhika na hilo kwa wiki mbili nzima.

Kwaya ilikuwa imelima shamba la tangawizi kwa msaragambo, kazi ya pamoja, kila mtu na jembe lake, ili mavuno yanunue kinanda. Tangawizi ikavunwa, ikauzwa. Evance akataka kile kilichopo dukani kwa Sefu kinunuliwe kesho yake. Gideoni akasema wasubiri kipya. Hapo ikaanza kesi. Na Mpare na kesi unawajua: tunaambiwa tutauza ng'ombe kugombania kuku, na tunakasirika tukiambiwa hivyo, na tunaenda kumshtaki aliyesema. Vikao vitatu vilikaa. Cha tatu kilianza baada ya ibada kikaisha makande yamepoa nyumba zote.

"Mwalimu, kwa heshima," Evance alisema, amesimama. "Tunasubiri nini? Kila siku kinakuja, kinakuja. Wenzetu wanatuacha. Samahani kusema, lakini wapo wanaodhani hutaki kukiacha kile kibenchi."

Wazee waliguna. Gideoni alihisi maneno yale yakimwingia mbavuni. Angeweza kusema ukweli, lakini mwanamume wa miaka sitini na mbili asimameje mbele ya kikao aseme anamtaka mke wake aliyekufa ndani ya kinanda? Akasema, "Kipya kina midundo mingi zaidi." Yeye! Mtu ambaye midundo ilimuumiza kichwa! Lakini walimheshimu, wakakubali kusubiri. Evance akakaa chini bila kumtazama.

Njiani kurudi, Rosemary alimfuata, akatembea naye mpaka kwenye daraja la magogo.

"Mwalimu, midundo umeanza kuipenda lini?"

Gideoni alianza kukagua magogo ya daraja.

"Ni fa, sivyo?"

"Ni fa, Mama Tumainieli." Akamweleza yote: kidirisha, namba, Waarabu. Atausikiliza ulimi wa stovu kanisa likiwa limejaa na joto limepanda, ataisogeza fa ya kinanda kipya mpaka zilingane, namba itaonekana, ataiandika. Hapo hata kizee kikifa, hata yeye akifa, fa ya Evaline itabaki na namba yake.

Rosemary alisimama. "Mwalimu, ile fa, mimi kuna siku nilitaka…"

"Tatizo ni joto," Gideoni alimkata, kidole juu. "Ukipima kanisa likiwa tupu utadanganyika. Shaba ile imezoea moto, unajua."

Rosemary alimtazama kwa huruma. "Najua, Mwalimu," alisema, akaweka mzigo wake wa kuni vizuri kichwani, akashika njia ya kwake.

Kinanda kilifika mwaka wa tisini na tatu, mwezi wa pili, jua la kiangazi likiwa limekausha hata maneno. Mjomba wa Sefu alikileta kweli. Evance na wenzake wawili walikifuata Same, wakakipandisha milimani juu ya magunia ya lori kikiwa kimefunikwa shuka la harusi, na betri ya gari ya kukiendesha pembeni. Watoto walikimbia nyuma ya lori. Walipokifungua, watu waliona kwamba Ledama hakusema uongo: kilikuwa kirefu. Evance alibonyeza kitufe, ngoma zikalia, besi ikaingia, tarumbeta ikaitika, na bibi mmoja akauliza wale wapigaji wanapata wapi hewa. Siku ile walicheka wote, hata Gideoni. Alimshika Evance bega akamwambia, "Kizuri. Kizuri sana, mwanangu." Na alimaanisha.

Lakini aliingoja Jumapili.

Jumapili ile, baada ya baraka, alimwomba mchungaji watu wasitoke. Akaomba na madirisha yafungwe. Mchungaji, aliyekuwa mgeni na bado akijifunza tabia zetu, alikubali. Watu mia tatu na zaidi, mwezi wa pili, madirisha yamefungwa! Jasho lilitiririka. Watoto wachanga walilia. Gideoni alikaa kwenye kibenchi chake cha zamani, Evance kwenye kinanda kipya pembeni yake, kitabu cha maelekezo magotini. Kwanza walikishusha kipya chote kidogo mpaka do ya huku na do ya kule zikawa kitu kimoja. Kisha Gideoni akasema, "Sasa fa. Nyie mlioko ndani, msipumue."

Alikanyaga. Ulimi wa stovu ukanong'ona. Evance akabonyeza fa yake taratibu, kwa sauti ya chini kabisa, sikio lake limeinama. Alianza kuisogeza juu kwa kitufe. Moja. Mbili. Sauti mbili zikaanza kugombana, zinapishana, wau-wau-wau. Akarudisha. Mbili, moja. Zikatulia. Akaenda sifuri, zikatulia zaidi. Fa ya shaba ya stovu na fa ya kiwandani zikawa sauti moja, huwezi kupitisha hata unywele katikati.

"Sifuri," Evance alisema.

"Haiwezekani. Rudia. Joto halijatosha."

Walirudia. Sifuri. Gideoni aliagiza watu wasogee karibu, walizunguke sanduku la kinanda, walipulizie pumzi. Wakasogea, watu wazima na akili zao, wakakipulizia. Sifuri. Shaba haikukumbuka moto wowote. Ulimi alioukata kwa tupa mlangoni pake, mwaka ule wa njaa, bila kipimo, kwa sikio tu, ulikuwa mnyoofu tangu siku ya kwanza.

Mzee yule aliondoa miguu kwenye mivukuto. Kinanda kikashusha pumzi. Mtu angetegemea afurahi, maana amegundulika kuwa fundi. Lakini uso ulimvunjika. Alikuwa amesubiri mashine miaka miwili, amesema uongo kikaoni, amemuudhi Evance, ili aihifadhi fa ya mkewe. Kumbe haikuwa mle kamwe. "Basi ilikuwa wapi?" aliuliza, na hakuwa akimuuliza mtu.

Rosemary alitoka kwenye safu ya sauti ya pili. Alipofika mbele aliongea kwa sauti ya chini, lakini kanisa lilikuwa kimya na kila mtu alisikia.

"Tulijua, Mwalimu. Sisi wa sauti ya pili tulijua wote. Ulimi wako ulikuwa hausikiki. Tukifika kwenye fa, tulikuwa hatusikii kitu, ni sisi na Mungu tu. Evaline akawa anaitafuta mwenyewe. Akaikuta kule juu kidogo, nasi tukamfuata."

"Miaka kumi! Na hamkuniambia?"

"Alitaka kukuambia. Siku ile Same, jaji aliposema, alikuwa anainuka akiri. Ukamtangulia. Ukavua kofia ukasema kosa ni lako, uadhibiwe wewe." Rosemary alijifuta uso, jasho na machozi pamoja. "Usiku ule tulilala darasani, sisi wanawake wa kwaya. Alilia mpaka asubuhi, kwa furaha. Akasema, mume wangu maneno matamu hayajui, lakini leo amenibebea kosa langu mbele ya watu bila hata kujua ni langu. Akatuapisha tusiseme. Alisema ukijua utaacha kujivuna, na ukijivuna unapendeza."

Kicheko kilimtoka Gideoni, kifupi. Alikaa pale ameshika magoti. Mchungaji aliashiria madirisha yafunguliwe, na upepo wa mlimani ukaingia, lakini hakuna aliyetoka.

Evance alikuwa bado na kidole kwenye kitufe. Ugomvi wote ulikuwa umemtoka usoni. "Mwalimu," alisema polepole, "hiki kinaweza. Wao waimbe, mimi nitaisogeza mpaka niwapate. Tutaipata namba yake."

Gideoni alifikiri. Alikitazama kidirisha, kile alichokiota miaka miwili.

"Hapana," alisema. "Iache hapo ilipo. Yeye hakuwa akifuata kinanda. Ila ukifika kwenye fa ya kushikilia, zima ngoma, zima kila kitu, ondoa mikono. Waache waitafute."

"Niondoe kabisa?"

"Kabisa, mwanangu. Ukiwapa, hawataitafuta."

Akainuka kwenye kibenchi, akaenda kukaa na watu, benchi la tatu, mahali ambapo hakuwahi kukaa tangu ujana wake. Evance akaanzisha wimbo. Ngoma zililia, besi ikatembea, vijana wakachezesha mabega, na kwa kweli ulipendeza. Ubeti ukafika mwisho. Evance akabonyeza, akainua mikono yote miwili juu kama mtu aliyekamatwa na polisi. Kila kitu kikanyamaza. Kwa muda mfupi hapakuwa na sauti yoyote mle ndani, na wanawake wa sauti ya pili wakabaki peke yao, hawana pa kushika. Rosemary akavuta pumzi akapanda. Wenzake wakamfuata, na nyuma yao wasichana wawili waliojiunga na kwaya mwaka uliopita, ambao hawakuwahi kumwona Evaline hata mara moja, nao wakapanda, kiasi cha unene wa ukucha, wakaishika.

Miguu ya Gideoni ilikuwa ikikanyaga sakafu, kulia, kushoto, bila yeye kujua.

"Hapo," alisema, machozi yakimtiririka. "Hapo hapo, mke wangu."